Shajara ya mradi: mchezo mmoja wa sataranji, hatua 70

Jumamosi

Nimeanza kazi niliyokuwa naiahirisha: kuandaa uchambuzi kamili wa mchezo mmoja wa mashindano kati ya wachezaji wawili wa kiwango cha klabu. Nitawaita Nyeupe na Nyeusi, kwa rangi za kete zao. Muda ulikuwa dakika 90 kwa kila mmoja, na saa iliongeza sekunde 10 kwa kila hatua. Nyeupe ana alama 1640 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, Nyeusi 1740. Kwa hesabu ya Elo, pengo la alama 100 lina maana kwamba mwenye alama nyingi anatarajiwa kuvuna kama pointi 64 katika michezo 100. Katika huu mmoja hakuvuna kitu.

Michezo ya mabingwa ina wachambuzi tele. Ya ngazi yetu huishia kwenye injini, programu ya kuchambua sataranji: unabandika hatua, unapata alama nyekundu na namba, unafunga kompyuta. Namba inakwambia kwamba umeanguka, haikwambii ulikuwa unatazama wapi ulipojikwaa. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja: injini yangu, Stockfish, haifunguliwi mpaka kila mchezaji aandike kwa maneno yake alichokuwa anawaza, peke yake, bila kumwona mwenzake.

Jumapili

Karatasi zilizoandikwa hatua za mchezo zimefika, na ni tatu. Nyeupe ana yake, Nyeusi ana yake, na ya tatu ni ya msaidizi wa mwamuzi. Hii ya tatu ina sababu. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinamruhusu mchezaji kuacha kuandika hatua akibakiwa na chini ya dakika tano, ikiwa nyongeza ya saa haifiki sekunde 30 kwa hatua. Hapa nyongeza ilikuwa 10 tu, kwa hiyo wote wawili waliacha kalamu walipobanwa. Kanuni hizo hizo zinataka mwamuzi au msaidizi wake ajitahidi kuwepo na kuandika badala yao. Alikuwepo, ashukuriwe, ingawa mwandiko wake wa dakika zile unaonyesha naye alikuwa anahema.

Karatasi ya Nyeupe ina hazina ambayo sikuitegemea. Pembeni mwa hatua zake ameandika muda uliobaki kwenye saa, jambo linaloruhusiwa. Nyeusi hakufanya hivyo. Kwa hiyo najua upande mmoja ulitumia dakika ngapi wapi, na upande wa pili ninakisia.

Jumatatu usiku

Kuoanisha karatasi kumekuwa kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Hadi hatua ya 10 hakuna ubishi. Ni ufunguzi uitwao gambiti ya malkia iliyokataliwa, na Nyeupe akabadilishana askari katikati mapema (herufi ni mstari wima wa ubao, namba ni safu, na pasipo jina la kete ni askari): d4 d5, c4 e6, farasi c3, farasi f6, kisha askari wa c akala d5 na wa e akalipiza. Halafu askofu g5, askofu e7, e3, na Nyeusi akamficha mfalme. Askofu d3, farasi wa b akaenda d7, farasi f3, ngome e8, malkia c2, c6, Nyeupe naye akamficha mfalme, farasi wa d7 akarudi f8. Yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha ufunguzi ameuona mpangilio huu. Unaitwa muundo wa Carlsbad.

Shida ikaja hatua ya 11. Karatasi zote mbili zinasema "Rb1", yaani ngome (R kwa Kiingereza) kwenda b1, basi. Lakini ngome mbili za Nyeupe, ya a1 na ya f1, zote zingeweza kufika b1, maana njia ilikuwa wazi kati yao. Ilikwenda ipi? Jibu limetoka mbele zaidi: hatua ya 18 Nyeusi ameandika "Rfc1", ngome ya mstari wa f kwenda c1. Kama ya f ingekuwa imeshakwenda b1, hatua hii isingekuwepo. Kwa hiyo hatua ya 11 ilikuwa ngome ya a1, ambayo ndiyo ya kawaida pia.

Kuanzia hatua ya 23 Nyeusi yuko nyuma kwa namba moja. Aliruka mstari, na kila kitu baada yake kimeteleza. Niligundua pale farasi wa Nyeupe alipokula kete ambayo, kwa karatasi ya Nyeusi, ilikuwa bado haijafika mraba ule. Nimehesabu upya kutoka mwanzo na sasa zinalingana mpaka hatua ya 51.

Nimeamua kuandika majina ya kete kwa ukamilifu katika maelezo, kwa sababu mfalme na malkia wote ni M. Faili la PGN lenyewe, lile la kuhifadhi mchezo kwa kompyuta, litabaki na herufi za Kiingereza ili programu zilisome.

Jumatano

Maelezo ya wachezaji yamefika. Nyeupe ameandika kurasa, Nyeusi mistari michache, lakini mistari yake ina uzito.

Kwanza kitu kidogo cha kufurahisha. Hatua ya 5, Nyeusi anasema alitamani kuweka mtego maarufu: badala ya askofu e7, farasi wa b aende d7 akionekana kama ameacha d5 bila ulinzi wa kweli, maana farasi wa f6 amefungwa na askofu wa g5. Nyeupe akiingia tamaa na kula d5 kwa farasi, Nyeusi naye anakula kwa farasi wa f6 na kumwacha malkia aliwe. Kisha askofu anakwenda b4 kwa cheki, yaani akimshambulia mfalme, Nyeupe hana cha kuzuia ila malkia wake mwenyewe, na vumbi likitua Nyeusi ana kete moja zaidi. Hakuuweka kwa sababu, kwa maneno yake, "huyu anausoma ufunguzi kuliko mimi." Nimemuuliza Nyeupe. Hakuwa akiujua.

Jambo zito ni hatua ya 16. Hapa kuna dakika 19, muda mrefu kuliko hatua yoyote nyingine kwenye karatasi ya Nyeupe. Mpango wa Nyeupe katika muundo huu unajulikana: shambulizi la wachache. Ana askari wawili upande wa malkia dhidi ya watatu, anamsukuma wa b hadi b5 ili avunje c6 na kumwachia Nyeusi askari dhaifu wa kumlinda mchezo mzima. Alicheza hivyo: a5, a3, farasi akaenda g6, b4, askari wakabadilishana b4, Nyeusi akacheza h6, askofu akamla farasi wa f6 na askofu wa e7 akalipiza. Sasa dakika 19, kisha b5.

Katika dakika hizo, anaandika Nyeupe, alikuwa akilinganisha b5 na e4. Ukurasa mzima. Alihesabu e4 hadi kina cha hatua sita, akaona mfalme wake anapata rasharasha, akarudi kwenye b5. Hakuna neno hata moja kuhusu mraba g6.

Alhamisi

Sharti limetimia, nimefungua injini.

Alama nyekundu ya kwanza iko pale pale hatua ya 16. Askofu wa d3 anakula farasi wa g6, askari wa f analipiza, na malkia wa c2, aliyekuwa nyuma ya askofu kwenye mshazari ule ule, anamla askari wa g6. Askari mmoja bure. Kabla ya h6 hesabu hii haikuwepo, kwa sababu askari wa h7 angelipiza na muundo wa Nyeusi ungebaki mzima. Ile h6 ndiyo iliyofungua mlango, na Nyeupe alipita mbele yake akiwa ameinamia ramani.

Injini inaliita kosa, na kwa namba ni kosa. Lakini nikisoma ukurasa wake naona kitu kingine. Hakushindwa kuhesabu, maana alihesabu e4 kwa kina kirefu zaidi ya hiki. Alichokosa ni kuuliza swali. Tangu hatua ya 11 alikuwa na mpango, na mpango ukamchagulia miraba ya kutazama: b4, b5, c6. Hatua ya mpinzani, h6, aliisoma kama usumbufu kwa askofu wake tu, akamaliza usumbufu kwa kubadilishana, akarudi kazini. Katika uchambuzi nitaandika hivyo, na alama ya "?" nitaiweka ndogo.

Nyeusi naye hakuona. Hatua iliyofuata alimrudisha farasi e7, akatoka hatarini bila kujua. Nimemuuliza kwa nini e7, akasema alitaka kuilinda c6. Wawili hawa walicheza hatua tatu ubavuni mwa shimo moja, wote wakitazama upande wa pili wa ubao.

Ijumaa

Hatua za 19 hadi 40 nitazipitisha kwa haraka, na kwenye uchambuzi zitapata aya mbili. Askari wa c6 alikuwa mzigo, Nyeusi akachoka kumlinda na hatua ya 26 akamsukuma c5. Wakabadilishana, akabaki na askari wa d5 asiye na jirani, na hatua ya 33 akaanguka. Malkia wakatoka, farasi na maaskofu wakatoka. Hakuna maajabu, ila Nyeupe alikuwa anacheza vizuri na kwa kasi nzuri. Kwa injini hapa hakuna hata alama moja nyekundu upande wake.

Hatua ya 41 ni tamati, awamu ya mwisho ya mchezo, na ni ya ngome: kila mmoja na ngome moja, Nyeupe ana askari wanne mistari ya e, f, g na h, Nyeusi watatu, f, g na h. Wote upande mmoja wa ubao. Tamati hii ina sifa yake: askari wa ziada haitoshi, na kwa ulinzi sahihi ni sare. Ushauri wa kawaida kwa mlinzi ni kumpeleka askari wa h hadi h5 mapema, ili mwenye wanne asipate kusonga na g4 na kuchukua eneo. Nyeusi alicheza g5. Bado haikuwa kupoteza, lakini alijipa kazi.

Hatua ya 45 karatasi zote mbili zina alama "(=)", yaani ombi la sare, ambalo kanuni zinataka liandikwe. Nyeusi ndiye aliyeomba. Nyeupe alikataa, na sababu aliyoniandikia ni fupi: "Ana dakika sita, mimi nina kumi na nne." Sina neno. Ubao ulisema sare, saa ilisema vinginevyo, na alisoma vyote viwili.

Jumapili tena

Leo nimeshinda kwenye hatua ya 61 na 62, na nadhani ndizo kiini cha mradi mzima.

Askari wamebadilishana hadi amebaki mmoja. Nyeupe: mfalme d5, ngome a7, askari e5. Nyeusi: mfalme e8, ngome b1. Ni zamu ya Nyeusi, na anaishi kwa nyongeza: sekunde kumi, anacheza, sekunde kumi tena.

Kila mwenye kitabu cha tamati anamjua Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa mtunzi wa muziki na mchezaji bora wa zama zake. Njia inayobeba jina lake ndiyo inayohitajika hapa. Ngome inakwenda b6, safu ya sita, na kumziba mfalme wa Nyeupe asipande. Inasubiri hapo. Nyeupe hana namna ya kuendelea ila kumsukuma askari e6, na akifanya hivyo tu, ngome inashuka chini kabisa na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma. Mfalme wa Nyeupe hana tena pa kujificha, kwa sababu mraba aliohitaji, e6, umekaliwa na askari wake mwenyewe. Sare.

Nyeusi alicheza ngome e1. Nikafikiri hapo ndipo alipoanguka. Nikaweka kete saba... la, kete tano tu, kwenye jedwali la tamati, lile ambalo limehesabu kila hali yenye kete saba au pungufu, na jibu lake si kadirio. Likasema: sare.

Nyeupe akapanda na mfalme e6, akitishia ngome a8 na mati, yaani mfalme kukamatwa na mchezo kuisha. Nyeusi lazima asogeze mfalme. Ana miraba miwili ya maana, f8 na d8. Moja ni sare, mwingine ni kupoteza.

Alikwenda d8.

Maelezo yake ya hatua hii ni mstari mmoja: "Nilikimbilia upande wenye nafasi, kule kona ningebanwa na kuuawa." Nimesoma mstari huu mara nyingi, kwa sababu una mantiki kabisa, na ndiyo inayodanganya. Kutoka mstari wa e, kulia kuna mistari mitatu, f, g na h. Kushoto kuna minne. Macho yanamvuta mfalme kushoto, kwenye uwanja mpana. Lakini anayehitaji uwanja mpana si mfalme, ni ngome. Ngome inayotoa cheki za ubavuni inahitaji umbali, vinginevyo mfalme wa adui anaisogelea na kuifukuza. Mfalme akikaa upande mpana, anaifungia ngome yake njia, na ngome inabaki na upande mfupi ambako cheki zinaisha upesi. Kwa hiyo mfalme aende kona, upande mfupi, na ngome iachiwe upande mrefu.

Nimeufuata mstari sahihi hadi mwisho ili niridhike. Mfalme f8. Ngome a8 cheki, mfalme g7. Askari wa e5 hawezi kusonga kwa kuwa mfalme wake mwenyewe amekaa mbele yake, na mfalme akiondoka ovyo, ngome ya e1 inamla askari. Nyeupe anajaribu ngome e8, akitaka kumfungulia mfalme njia, na Nyeusi anajibu ngome a1, sasa cheki zinakuja kutoka mbali, upande mrefu. Nyeupe akirudisha ngome d8 kuzikinga cheki, Nyeusi anarudi e1, nyuma ya askari. Hakuna njia.

Kilichotokea ubaoni: mfalme d8, ngome a8 cheki, mfalme c7, ngome e8. Hatua hii ya mwisho ni ya kitabuni, na Nyeupe ameniandikia kwamba aliicheza kwa sababu alitaka ngome ikae mstari mmoja na askari, "nisisahau kumlinda." Sababu dhaifu, hatua bora. Kama angecheza mfalme e7, jambo ambalo mkono wowote wa haraka ungelifanya, ngome ya e1 ingemla askari wa e5 kwa cheki na mchezo ukaisha sare palepale. Nyeusi alisalimu amri hatua ya 70.

Jumanne

Uamuzi wangu kama mhariri: mchoro mkubwa wa uchambuzi utakuwa wa hatua ya 62, mfalme e8 akichagua kati ya f8 na d8. Kuna aliyenishauri niweke hatua ya 16, kwa kuwa pale injini imepaka rangi na hapa, bila jedwali, namba zake hazipigi kelele hivyo. Sikubali. Hatua ya 16 ni askari mmoja katika mchezo ambao ungeendelea hatua 54 zaidi. Hatua ya 62 ni nusu pointi mkononi, na maarifa yanayohitajika yanatosha kwenye sentensi moja ambayo mtu anaweza kuikumbuka akiwa na sekunde kumi.

Ile ya Philidor nayo itawekwa, lakini pembeni. Nyeusi alijua jina, na alijua kuna safu ya tatu mahali fulani. Alichosahau ni safu ya tatu kutoka wapi. Ni kutoka upande wa mlinzi, kwa hiyo kwa Nyeusi ni safu ya sita ya ubao. Nitaandika "b6" waziwazi, bila kumwachia msomaji hesabu.

Nimewatumia wote wawili rasimu. Nyeupe amejibu kwa swali moja kuhusu g6, kama kweli ni askari bure, akijaribu kumtetea Nyeusi kwa kumtoa askofu f5 baada ya malkia kula. Haimsaidii. Askofu wa f5 anamtishia malkia na ngome ya b1 kwa pamoja, inaonekana maridadi, lakini hana mlinzi na malkia anamla tu. Nyeusi ameomba faili la hali ya hatua ya 61 peke yake, bila uchambuzi, ili acheze na mwenzake kwa saa ya sekunde kumi, mara kwa rangi hii, mara kwa ile. Nimemtumia.

Alhamisi

Kimebaki kipande kimoja kigumu: hatua za 52 hadi 55. Wachezaji walikuwa wameshaacha kuandika, na karatasi ya msaidizi wa mwamuzi ina vijistari tu, kimoja kwa kila hatua, bila miraba. Inaonekana walicheza kwa kasi kuliko kalamu. Hali kabla ya hatua ya 52 ninayo, na hali baada ya hatua ya 55 ninayo. Katikati ngome ya Nyeupe imehama kutoka e4 kwenda a4, mfalme wake amepanda safu mbili, na askari wa g wa pande zote mbili wameondoka.

Idadi ya vijistari inakubaliana na mabadiliko haya, lakini mpangilio wake una njia zaidi ya moja. Nyeupe anakumbuka alihamisha ngome kwanza. Nyeusi anakumbuka askari walibadilishana kwanza. Nimejaribu zote mbili, na zote ni halali. Hata jedwali halitasaidia, maana kete bado ni zaidi ya saba.

PGN haipokei pengo, inataka hatua halali mfululizo. Kwa hiyo nimeweka mpangilio wa Nyeupe, kwa sababu moja tu: kwa ule wa Nyeusi kungekuwa na wakati ambapo ngome ya Nyeupe inaweza kuliwa bure, na sidhani kwamba hata kwa sekunde kumi wote wawili wasingeiona. Kwenye maoni ya hatua ya 52 nimeandika kwamba hatua nne hizi zimejengwa upya na si za karatasi. Nyeusi bado anabisha. Ameahidi kuja na ubao.